Uwe Umetoka Kabla ya Ijumaa: Mwongozo wa Subjonktifu Iliyopita

Kabla hujaanza, kusanya vifaa. Utahitaji kaunta buku la kwaya mbili, penseli yenye kifutio kinachofuta kweli, chai ya tangawizi, na deni. Deni ndilo kubwa kuliko vyote. Asiyedaiwa na mtu wa Kifaransa hana haja na subjonktifu iliyopita, na akiifuata kwa mapenzi tu wataachana kabla chai haijapoa.

Deni langu mimi lilikuwa kontena la futi 40. Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na wateja wetu wengi wako Lubumbashi. Mzigo unashushwa bandarini, unapandishwa kwenye lori, unafika Tunduma, unakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, ndipo unaingia Kongo. Lori huchukua siku nyingi. Barua pepe ya mwenye mzigo huchukua sekunde, nayo huja kwa Kifaransa. Miaka hiyo Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia na kuhesabu mpaka ishirini. Asubuhi moja mteja akaandika: «Il faut que le conteneur soit sorti du port avant vendredi.»

Nikaichambua kama mchele wa kupima. «Conteneur», kontena. «Port», bandari. «Vendredi», Ijumaa. «Sorti» nilikuwa naijua, ni kutoka kulikokwisha kutendeka. Basi, nikajiambia, huyu bwana ananiarifu kwamba kontena lake limeshatoka bandarini, tena mapema kabla ya Ijumaa. Amelitoaje bila sisi? Wakubwa wana njia zao. Nikamjibu kwa adabu zote, «Merci beaucoup, Monsieur», nikaenda kunywa chai.

Kontena lilikuwa palepale, juani, na tozo za kulilaza bandarini zikiongezeka kila kukicha. Jumatatu bosi akaniita. Hakupaza sauti. Aliigeuza kompyuta yake upande wangu, akaweka kidole kwenye mwanzo wa ile sentensi, akauliza, «Dada, hii ‹il faut que› uliiruka wewe, au ilikuruka yenyewe?»

Wiki iliyofuata nikajiandikisha darasa la jioni. Haya yafuatayo ni niliyoyapata huko, na nakupa bure.

Hatua ya kwanza: usitishwe na jina

Jina lake kamili ni «subjonctif passé», na walimu hulitamka kwa sauti ya daktari anayeshika majibu ya vipimo. Usitetereke. Subjonktifu ni ile hali ya kitenzi inayotumika pale usemapo jambo bila kulitangaza kuwa ni habari: unalitaka, unaliogopa, unalitilia shaka, unaliamuru. Sisi tunayo tangu utotoni, tunaimalizia na *e*: uje, asome, tule, wasichelewe. Mama aliyesema «ukifika usalimie» ametumia subjonktifu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tatizo ni hilo neno «iliyopita». Utaamuruje jambo lililokwisha kupita? Hapo ndipo darasa letu lilipokwama jioni ya tatu. Mwalimu, mzaliwa wa Bukavu, aliandika ubaoni «Il faut que vous ayez fini avant midi», akataka Kiswahili chake. Kijana wa mbele akasema, «Lazima mmalize kabla ya saa sita.» Mwalimu akatikisa kichwa: hiyo ni subjonktifu ya sasa, «que vous finissiez». Mwingine akajaribu, «Lazima mlimaliza.» Mwalimu akafumba macho. Kukawa kimya, feni ikazunguka.

Nyuma kabisa kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye vyumba vya kupangisha Tabata. Alikuwa anajifunza kwa ajili ya wapangaji wake, kwa kuwa nusu yao walikuwa Wakongo. Alisema taratibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari, «Lazima muwe mmemaliza kabla ya saa sita.»

Mwalimu akaiweka chini chaki.

Muwe mmemaliza. *Que vous ayez fini.* Kitenzi kisaidizi kimevaa ile *e*, kitenzi kikuu kimevaa ile *me* ya jambo lililotimia. Wafaransa nao wamefanya vivyo hivyo: kisaidizi kimewekwa kwenye subjonktifu, kitenzi kikuu kimewekwa kwenye umbo la kilichotimia. Useremala ni uleule, mbao ndizo tofauti. Yule mama hakujifunza hili kwenye kitabu. Kila mwezi huwaambia wapangaji, «Tarehe tano uwe umelipa», na hajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni sarufi ya kiwango cha juu. Alijua tu kwamba «ulipe tarehe tano» humwachia mpangaji mlango wazi hadi saa tano usiku, ilhali «uwe umelipa» huufunga: siku hiyo ikifika, jambo liwe limeshakwisha.

Kumbe barua ya mteja wangu ilikuwa Kiswahili kitupu. «Kontena liwe limetoka bandarini kabla ya Ijumaa.» Ningeisoma kwa sikio la mwenye nyumba wa Tabata, ofisi isingetozwa hata shilingi.

Hatua ya pili: chagua kisaidizi, uchague vizuri

Kiswahili kwa kazi hii kinaridhika na *kuwa*. Mfaransa ana viwili: «être», yaani kuwa, na «avoir», yaani kuwa na. Ndiyo, tofauti yote ni hiyo *na*, na watu wazima wamelia kwa ajili yake.

Vitenzi vingi mno huchukua «avoir». Kwa wale wachache wa «être», walimu huchora nyumba ubaoni. Nyumba yenyewe ina ghorofa moja, mlango na ngazi. Watu wake wanazaliwa, wanafika, wanaingia, wanapanda, wanashuka, wanaanguka, wanabaki, wanatoka, wanaondoka, wanarudi, wanakufa. Ukiitazama kwa jicho la mpangaji utashtuka. Hakuna anayepika humo. Hakuna anayekula wala kulala, maana kupika, kula na kulala vyote ni vya «avoir», na hufanyika, nadhani, kwa jirani. Kukimbia nako ni «avoir», kwa hiyo anayeanguka ngazini hapo ameanguka akitembea polepole. Na kutembea nako, samahani, ni «avoir» vilevile. Bafu lipo, tena lina foleni, kwa sababu vitenzi vyote vya kujitendea mwenyewe, kama kunawa na kuamka, huchukua «être». Ni nyumba ya watu safi wenye njaa.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo walimu wanapoongeza chumvi kwenye kidonda. Wakazi kadhaa wa nyumba hiyo huhama kwenda «avoir» wakipata kitu cha kubeba. Kontena likitoka lenyewe: «que le conteneur soit sorti». Mimi nikilitoa: «que j'aie sorti le conteneur». Darasa zima lilinung'unika. Lakini jiulize, wewe hujawahi kutofautisha kutoka na kutoa? Kushuka na kushusha? Kupanda na kupandisha? Sisi badiliko hilo tunalitia tumboni mwa kitenzi, Mfaransa analitia kwenye kisaidizi. Anayesema «nimeshuka mizigo» tunamcheka hapahapa Kariakoo. Mfaransa naye ana haki ya kucheka.

Hatua ya tatu: jifunze kusema *e*

Subjonktifu ya «avoir» huandikwa hivi: que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient. Ya «être»: que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient. Kwenye karatasi ni mistari 12. Masikioni ni sauti sita tu. «Aie, aies, ait, aient» zote ni *e*, ile ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili akaitika bila kuamka. «Sois, soit, soient» zote ni *swa*. Ukiwa unazungumza, basi, sema *e* kwa uso mkavu na hakuna atakayejua umekusudia ipi. Ukiwa unaandika, ogopa.

Sisi tuliozoea kuandika tunachosikia, jambo hili linatuumiza. Tunadhani herufi imewekwa ili isomwe. Kwa Mfaransa herufi nyingi zimewekwa kama wazee kwenye jukwaa la sherehe: hazisemi kitu, lakini zikikosekana watu wanauliza.

Umbo la kitenzi kikuu halina shida kubwa. Vya -er huishia na é (parlé), vingi vya -ir huishia na i (fini), vingi vya -re huishia na u (vendu). Halafu kuna wakorofi: fait, dit, pris, mis, écrit, ouvert, né, mort. Wakariri kama majina ya mashemeji. Mkorofi wao mkuu ni «eu», la «avoir» lenyewe, ambalo huandikwa kwa irabu mbili na kutamkwa kama *u* ya mtu anayepuliza chai. Jaribu «que j'aie eu». Ukimaliza utakuwa umesema sentensi nzima bila kufunga mdomo, na daktari wa meno angeipenda sana.

Ukikanusha, «ne» na «pas» hukibana kisaidizi, si kitenzi kikuu: «qu'elle ne soit pas venue». Hilo limekwisha, tuendelee.

Hatua ya nne: usilie mbele ya watu wa ngeli mbili

Ukitumia «être», kitenzi kikuu hufuata mtendaji kwa jinsia na idadi: il soit venu, elle soit venue, ils soient venus, elles soient venues. Zote nne husikika sawa. Tofauti ni ya macho tu. Hapa wanafunzi huanza kuomba likizo. Naomba tuheshimiane. Mtu aliyekua akisema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, ukuta umebomoka, kuta zimebomoka, bila kutoa jasho, hawezi kusimama akalalamika kwamba Wafaransa wana makundi mawili ya majina.

Lililo baya kidogo ni la «avoir». Hapo kitenzi kikuu hakimfuati mtendaji kamwe, bali hufuata kitu kilichotendwa, na hukifuata iwapo tu kitu hicho kimetajwa kabla. «J'ai écrit les lettres» haina nyongeza, lakini «les lettres que j'ai écrites» ina e na s. Sheria hii inahusishwa na mshairi Clément Marot, ambaye katika karne ya 16 aliipigia debe kwa kuiga Waitalia. Yaani miaka karibu 500 ya machozi ya watoto kwa sababu ya mtu aliyependa mambo ya jirani. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliowahi kuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walitaka hadharani sheria hii iachwe, kitenzi kilicho na «avoir» kibaki vilevile siku zote. Niliwaunga mkono kwa moyo wote mpaka nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe husema «barua nilizoziandika», nikipachika *zo* na *zi* za barua ndani ya kitenzi kimoja, mara mbili, bila kutumwa na mshairi yeyote.

Hatua ya tano: jua mahali pa kuitumia

Matumizi ya kwanza umeshayapata kwa mama wa Tabata: muda wa mwisho. «Il faut que», «je veux que», «il est nécessaire que», halafu jambo liwe limetimia kabla ya saa fulani. Hapo tafsiri kwa *uwe ume-* na ulale usingizi.

Ukipiga simu Lubumbashi au Bukavu utasikia hata zaidi ya hapo. Wenzetu huzifunga lugha hizi mbili nira moja: «Il faut uende», «il faut tumuone». Mfaransa ametoa amri, Mswahili ametoa ile *e*, na ng'ombe wote wawili wanavuta upande mmoja. Mwalimu wetu alikuwa akituambia tusiseme hivyo darasani, halafu simu yake inaita, anatoka nje, na tunamsikia kupitia dirishani: «Il faut umuambie angoje.»

Matumizi ya pili ndiyo yatakayokusumbua, na hapa mama wa Tabata hana msaada. Mfaransa hutia subjonktifu pia kwenye jambo lililotokea kweli, lisilo na shaka yoyote, mradi limepita moyoni mwake. «Je suis contente que tu sois venu»: nimefurahi kwamba umekuja. Umekuja, umekaa kitini, unakunywa soda, kila mtu anakuona, lakini kwa kuwa nimefurahi, kuja kwako hakustahili tena kuitwa habari. Jaribu kulitafsiri kwa ile fomula yetu: «Nimefurahi uwe umekuja.» Mgeni ataiweka soda chini. Kwetu ile *e* ni ya jambo linalosubiriwa, likishatokea tunaivua. Kwao swali si kama jambo limetokea. Swali ni kama unaliarifu au unalihisi. Ukilihisi, ukalifurahia, ukalijutia, ukalionea aibu, kitenzi hubadili mavazi.

Kwa hiyo usitafsiri. Sikiliza neno la mwanzo kama askari getini: limekuja na moyo? Content, triste, désolé, fier, surpris, dommage? Mvalishe subjonktifu, apite.

Mimi niliitumia kwa mara ya kwanza kwenye barua ya kuomba radhi kwa yule mteja. «Je regrette que le conteneur ne soit pas sorti à temps.» Nasikitika kwamba kontena halikutoka kwa wakati. Ilikaa vizuri sana, nikajiona nimefika. Sentensi iliyofuata nilitaka kukiri: nasikitika kwamba nilielewa vibaya. Nikaandika «je regrette que j'aie mal compris». Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. Anayesikitika na aliyetenda wakiwa mtu mmoja, subjonktifu huondolewa, na mahali pake huja kitenzi kisichonyambuliwa: «je regrette d'avoir mal compris». Yaani kontena langu, lililokaa juani bila kufanya lolote, linastahili subjonktifu iliyopita yenye heshima zote. Mimi mkosaji sistahili.

Matumizi ya tatu ni ya shaka. «Je crois qu'il est parti», naamini ameondoka: kawaida. «Je ne crois pas qu'il soit parti», siamini kwamba ameondoka: subjonktifu. Ukiogopa, wapo wanaopenda kuongeza ka-«ne» kadogo: «j'ai peur qu'il ne soit parti», naogopa ameondoka. Hako ka-«ne» hakakanushi chochote. Ni mgeni wa harusi asiyechanga, amevaa vizuri, amekaa meza ya mbele, na ukimuuliza ni wa upande gani anatabasamu.

Kuna pia viunganishi vyenye amri yake: bien que, quoique, avant que, sans que, à moins que. Vikitokea, usibishane navyo. Kuna na sifa za kupita kiasi: «le meilleur pilau que j'aie jamais mangé», pilau tamu kuliko yote niliyowahi kula. Hii ihifadhi kwa ajili ya wakwe.

Maeneo ya hatari

«Espérer», kutumaini, haichukui subjonktifu ikiwa ni ya kukubali. Kuogopa kunachukua, kutamani kunachukua, kufurahi kunachukua, lakini kutumaini hapana: «j'espère que tu as fini». Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu langu la binafsi ni kwamba Mfaransa akitumaini huwa ameshaamua.

«Après que», baada ya, nayo kwa sheria haichukui. Hoja yake ni nzuri: «kabla» ni jambo ambalo halijatokea, «baada» ni jambo lililokwisha tokea, basi litajwe kama habari. Wafaransa wenyewe hawasikii. Wengi huweka subjonktifu baada ya «après que» kwa kufuata mkumbo wa «avant que», na Académie française huwakumbusha kwamba wamekosea. Chombo hicho kiliasisiwa mwaka 1635, kina viti 40, na wanaovikalia huitwa Wasiokufa, ingawa kiti hupatikana mwenzako akishakufa. Ukitaka kupendwa na Wafaransa, kosea kama wao. Ukitaka kushinda mabishano, tumia umbo sahihi kisha kaa kimya uangaliwe.

Na mwisho, huenda ukakutana na maumbo ya kale: «que tu fusses venu», «que nous sussions». Zamani, kitenzi cha sentensi kuu kikiwa cha wakati uliopita, sarufi ilidai hayo. Leo mtu husema «j'étais contente que tu sois venu» na hakuna anayegeuka. Hata serikali ilichoka mapema: waraka wa wizara ya elimu wa tarehe 26 Februari 1901 uliwaruhusu watahiniwa kuweka subjonktifu ya sasa badala ya ile ya kale pale sentensi inapoanza kwa kitenzi cha masharti. Mchekeshaji Alphonse Allais alikwenda mbali zaidi, akamlilia mpenzi kwa shairi lililosheheni maumbo hayo mpaka mapenzi yakageuka kichekesho. Yatazame kama unavyotazama magari ya kale kwenye makumbusho: ushike kamba ya kizuizi, usipande.

Zoezi la vitendo

Sarufi isiyotoka darasani huota ukungu. Mtaani kwetu Magomeni kuna fundi cherehani aliyetoka Kivu miaka mingi, mzee wa mikono myepesi na Kifaransa cha kunyooka. Wiki tatu kabla ya Idi nilimpelekea kitenge changu, akanipima, akaandika kwenye kikaratasi, akaniahidi siku.

Siku yenyewe nilifanya mazoezi njia nzima kwenye bajaji. Nilichagua furaha ili niupate moyo, nikachagua mtendaji mwingine ili nisinyimwe haki yangu, nikachagua «avoir» kwa kuwa kushona hakumo katika ile nyumba ya watu wenye njaa. Nikafika, nikasimama mlangoni, nikasema bila kukwama: «Papa, je suis ravie que vous ayez fini ma robe.»

Fundi akasimamisha cherehani. Akavua miwani. «Ah, mama,» akasema, «c'est parfait. *Que vous ayez.* Walimu wako wamefanya kazi.» Akamwita na kijana wake aje anisikie, nikarudia, kijana akapiga makofi.

Kisha wote watatu tukatazama rafu. Kitenge changu kilikuwa pale juu, kimekunjwa nilivyokikunja mimi, na kile kikaratasi cha vipimo kikiwa bado kimebanwa na pini.

«Il faut urudi kesho,» akasema.

«Kesho ni sikukuu, papa.»

Akafikiri. Akavaa miwani, akashusha kile kitenge, akakifuta vumbi kwa kiganja kwa mapenzi makubwa.

«Bien que je n'aie pas encore commencé,» akasema, «nimekifikiria sana.»

Nilisimama pale nikiihakiki kichwani, neno baada ya neno. Bien que, sawa. Aie, nafsi ya kwanza, sawa. Ne na pas zimekibana kisaidizi. Hakukosea hata herufi moja.